Sifa za Bhoke

Issenye
Jumapili, 24 Septemba 2023

Shangazi Philomena,

Shikamoo. Mwalimu Wilbard alinikabidhi barua yako Ijumaa, pamoja na sabuni na ile sweta. Asante, inanitosha. Huku tu wazima. Mafua yalizunguka bweni letu wiki mbili, mimi yalinishika siku tatu tu, tarehe 12 hadi 14. Nimeyaandika kwenye daftari langu la kila siku. Baba alipiga simu kwa matroni akasema mguu wa mama unaendelea vizuri, na kwamba yeye bado yuko kwenye mashimo ya dhahabu Nyakunguru. Hakusema kama wamepata kitu, kwa hiyo najua hawajapata.

Kuhusu masomo, hesabu bado zinanisumbua. Kwenye biolojia nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni huyo huyo uliyemwulizia.

Umesema ulipenda Bhoke alivyokusagia ulezi bila kuombwa, siku zile mbili tulizolala kwako Matongo wakati wa likizo fupi, na ungependa kumjua zaidi. Ana miaka kumi na sita kama mimi. Tangu kidato cha kwanza tunatumia kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Haibi na hasemi uongo. Mvulana hana. Mmoja alimwandikia barua mwezi wa saba, Bhoke akaisahihisha kwa kalamu nyekundu kisha akamrudishia mbele ya darasa: "Kumi na tisa kwa mia. Ukifika hamsini njoo tuongee."

Ana nguvu. Gunia la mahindi la jikoni tunabeba wasichana watatu. Yeye na mwenzake mmoja wanatosha. Tangu nimjue ameugua malaria mara moja tu. Wakubwa anawaheshimu, hata wapishi. Kwenye umoja wa wanafunzi Wakristo ndiye anayeanzisha nyimbo. Mimi ananiita Karani kwa sababu ya daftari langu. "Karani, andika: leo Bhoke amekula kiporo cha watu wawili, na hajutii."

Umeuliza kwao ni wapi. Ni ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti. Baba yake ni Mzee Rubeni. Ukifika darajani ukamtaja, mtu yeyote atakuonyesha. Bhoke ni binti mkubwa, na ana kaka mmoja ambaye hajaoa.

Sidhani kuna mzazi ambaye hangempenda. Ningekuwa na kaka ningemwombea amwoe, ila baada ya chuo.

Binti yako,
Elieth


Matongo
22 Oktoba 2023

Mwanangu Elieth,

Nakusalimu kutoka nyumba yenye mtu mmoja na kuku tisa. Barua yako nimeisoma mara tatu. Unaandika kwa mpangilio, unafaa kuwa mtu wa mahakamani.

Mvua imeanza, nimepanda mahindi upande wa juu. Dada yako Stefania, binti yangu, amejifungua huko Sirari, mtoto wa kiume, wote wawili wazima. Nilikwenda kumwona. Ni mtoto mzuri, lakini ni wa ukoo wa mume wake. Nilimbeba kama mgeni anavyobeba mtoto wa wenyeji, nikamrudisha.

Tangu marehemu mume wangu Gasto aondoke huu ni mwaka wa sita. Shemeji Anold amehamisha tena katani za mpakani, safari hii hatua nne ndani ya shamba langu. Nilipomwuliza, akaniambia, "Shemeji, unamlimia nani? Mabinti wako wameolewa wote. Shamba hili halina mtu." Nilikuwa nimesimama ndani ya shamba hilo hilo na jembe mkononi, naye ananiambia halina mtu.

Nina swali moja. Huyo Bhoke, kwao wamemwahidi kwa yeyote? Chunguza taratibu, usimwambie nimeuliza. Barua hii ukishaisoma iweke mbali.

Usiache kusali, na usilale na nywele mbichi.

Shangazi yako,
Philomena


Issenye
21 Januari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini wewe na mtoto wa dada Stefania hamjambo. Mama anatembea bila fimbo sasa. Mwezi wa kumi na moja nilikujibu kwa sentensi moja tu kwamba Bhoke hajaahidiwa. Samahani, tulikuwa kwenye mitihani. Siku ya pili baada ya Krismasi mimi na baba tulikuja Matongo, tukakuta umefunga. Jirani yako alisema umevuka mto kwa shughuli za kanisa. Tuliacha ndizi kwake.

Shule ilifunguliwa tarehe 8. Bhoke hajarudi.

Mwanzoni tulidhani ni barabara, kwa sababu mvua imekata njia sehemu mbili na wengi wamechelewa. Lakini wa kwao wote wamefika, hata wa mbali zaidi. Msichana mmoja wa kijiji cha jirani yake anasema kwa Mzee Rubeni kulichinjwa mbuzi mwishoni mwa Desemba, na hajui zaidi. Matroni anataka kitanda cha juu apewe mtoto wa kidato cha kwanza. Nimeweka tranka langu juu yake, nikasema nasubiri.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka huu tuko kidato cha nne. Madam Tumsifu, mwalimu wetu wa biolojia anayetoka Kilimanjaro, na ambaye ndiye mlezi wa umoja wetu wa Wakristo, ametuambia kwamba shule itafunga orodha ya watakaofanya mtihani wa taifa Alhamisi tarehe 28 Machi. Ambaye hatakuwepo siku hiyo hatafanya mtihani mwaka huu. Akikosa mwaka huu, Bhoke hatasoma tena. Mzee Rubeni si mtu wa kulipia mwaka wa pili.

Wewe unafahamika na wanawake wa makanisa pande zote mbili za mto. Naomba umtume mtu akamwulizie, au uende mwenyewe. Mzee Rubeni atakusikiliza.

Siku ya kufunga shule mimi na Bhoke tulikosana kidogo. Si jambo la kuandika.

Binti yako,
Elieth


Matongo
11 Februari 2024

Mwanangu,

Tumshukuru Mungu kwa mguu wa mama yako. Ndizi zilinifikia zikiwa zimeiva sana, nikazila hivyo hivyo. Kuku sasa ni kumi na mmoja. Mahindi ya juu yamesimama vizuri, ya chini yamelala kwa maji.

Umeniomba habari za rafiki yako. Ni mzima. Halali njaa na hakuna anayempiga. Kikohozi kilimsumbua kidogo, kinapungua. Asubuhi anaimba akifagia. Usiumize kichwa juu yake, soma vitabu vyako, mambo mengine hupangwa na wakubwa.

Nimempa Mwalimu Wilbard karanga na sukari akuletee. Kula na wenzako.

Philomena


Issenye
25 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Karanga tulikula Jumanne. Nimefurahi kusikia kuku wameongezeka.

Nina swali moja. Umejuaje kwamba asubuhi anaimba akifagia?

Nimeisoma sentensi hiyo kila siku tangu tarehe 16, barua ilipofika. Mtu aliyetumwa kuulizia hawezi kuleta habari ya namna hiyo. Hiyo anaijua mtu anayelala nyumba moja naye.

Mwezi uliopita nilikuandikia kwamba kukosana kwetu si jambo la kuandika. Sasa naliandika, kwa sababu nikikuuliza wewe maswali huku naficha la kwangu sitakuwa nimetenda haki. Mwezi wa kumi na moja wanafunzi walimchagua Bhoke kuwa mwenyekiti wa umoja wa Wakristo. Mimi nilikuwa na uhakika kwamba ni zamu yangu, nikapewa ukatibu. Siku ya kufunga shule tulikuwa tunafunga magodoro, akaniita pembeni.

"Elieth, nyumbani wamekuja wageni mara mbili. Baba hanitazami usoni. Mwombe shangazi yako aje aongee naye. Ni mtu wa kanisa."

Nikamjibu kwa sauti, wenzetu wakisikia, "Mwombe mwenyewe, Mwenyekiti."

Walicheka. Yeye alirudi kufunga godoro lake.

Sikukuambia wakati ule. Nakuambia leo.

Yuko kwako?

Elieth


Matongo
10 Machi 2024

Elieth,

Huku ni wazima.

Yuko kwangu, tangu tarehe 27 Desemba. Siku mliyoacha ndizi nilikuwa kwao.

Nilitaka ulisikie mdomoni mwangu wakati wa likizo, lakini umeuliza kwa maandishi, nami nakujibu kwa maandishi. Ng'ombe walitoka zizini kwangu wakavuka mto, na Bhoke akaja. Ni nyumba ntobhu, usijifanye huijui. Nimemwoa kwa jina la nyumba yangu. Watoto atakaozaa wataitwa wa Gasto, na akipatikana wa kiume atasimama pale mpakani Anold amwone. Dada mkubwa wa mama yangu alifanya hivyo hivyo. Wale baba zako wadogo unaowaamkia kila sikukuu walitoka katika nyumba ya namna hiyo, na hujawahi kuwaona pungufu.

Usifikiri nilimnyang'anya mtu maisha mazuri. Mzee Rubeni alikuwa anatafuta ng'ombe kwa ajili ya kumwoza mwanawe. Kabla yangu alikuwa amekuja mwanamume wa upande wa Sirari mwenye wake wawili, na watu wanasema mkono wake ni mwepesi wa kupiga. Nilijiambia kwangu ni afadhali. Nilijiambia hivyo njia nzima ya kurudi, na yeye alikuwa nyuma yangu kwenye bodaboda.

Nikukumbushe pia kwamba mimi sikumjua baba yake wala kijiji chake. Nguvu zake, afya yake, kwamba hana mvulana, kwamba kaka yake hajaoa, yote hayo niliyapata kwako. Wiki ya kwanza aliniuliza nilifikaje kwao. Nikamwonyesha barua yako. Nilidhani atafurahi akiona unavyompenda. Aliisoma hadi mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia.

Nataka ujue jambo moja: sijamletea mwanamume wa kuzaa naye. Anold alikuja wiki iliyopita akamkuta anasoma madaftari yake chini ya ukuta wa jiko. Akaanza kucheka. "Shemeji, mke wako anasoma! Mtoto atakupa nani, Biolojia?" Nilimfukuza na ufagio. Lakini alichosema nimebaki nacho, kwa sababu ni kweli kwamba siku inakuja na mimi naiahirisha.

Kanisani sijasema. Mimi ndiye katibu wa umoja wa wanawake. Nimeandika mihtasari ya vikao vitatu na nyumbani kwangu kuna jambo ambalo halimo katika kikao chochote.

Usinihukumu haraka. Wewe una baba, mama na ndugu wanne.

Shangazi yako


Issenye
17 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Salamu za nyumbani utazipata kwa baba. Leo mimi sina. Barua hii haikupitia kwa matroni. Mwalimu Wilbard ameibeba ikiwa imefungwa na hajui kilichomo.

Nilimwuliza Madam Tumsifu bila kutaja majina, kana kwamba ni jambo nililolisikia tu. Neno nyumba ntobhu alikuwa hajawahi kulisikia. Nilimweleza kwamba mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe kwa baba wa msichana, msichana anahamia kwake, anachaguliwa mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wanakuwa wa nyumba ya yule mwanamke. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na msichana mwenyewe, nani alimwuliza?"

Jibu nimelitafuta katika barua zako zote sijaliona. Katika zangu halimo vilevile.

Akaniambia kwamba mwanafunzi haozwi, na kwamba aliyemtoa na aliyempokea wote wawili wanajibu mbele ya sheria. Nikamwuliza, kama aliyempokea ni mwanamke? Akasema, "Mwanafunzi ni mwanafunzi, Elieth." Nadhani alielewa kwamba sikuulizia mambo ya kusikia.

Najua ada yangu inatoka kwa nani, na viatu nilivyovaa. Najua pia kwamba nikitaja jina lako huenda nisimalize shule mimi mwenyewe. Nimelifikiria hilo siku sita. Nimesali pia, na sikupata jibu jingine.

Simtupii mtu mwingine kosa langu. Nililiandika kwa mwandiko mzuri na kulisaini.

Jumatatu tarehe 25 Machi, saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, nitakwenda ofisini kwa Madam Tumsifu na nitataja majina matatu: la Bhoke, la Mzee Rubeni na lako. Orodha inafungwa Alhamisi ya wiki hiyo. Nimekuambia wewe kwanza kwa sababu ni shangazi yangu.

Elieth


Matongo
14 Aprili 2024

Elieth,

Salamu. Mama yako alipita hapa wiki ya Pasaka, hajambo, mguu umepona kabisa. Mtoto wa Stefania ameota jino.

Sikuweza kukuandikia mapema. Nitaeleza kwa mpangilio kama unavyofanya wewe.

Barua yako niliipata Alhamisi tarehe 21. Usiku ule sikuisoma mara ya pili. Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa mchungaji nikamwambia yote. Aliniuliza ninaogopa nini hasa. Nikasema Anold. Akasema, "Anold hata mimi namwogopa, mama. Endelea." Nikaendelea. Hakunipa adhabu wala hakunipa pole. Alisema atakuja Jumamosi, akaja.

Jumamosi niliwaita wazee wa ukoo wa Gasto, na Mzee Rubeni akavuka mto. Nilisimama nikasema kwamba Bhoke si mke wa nyumba yangu wala si mkamwana wangu kuanzia siku hiyo, na kwamba ng'ombe nimewaachilia.

Mzee Rubeni akashtuka. "Mama, ng'ombe hawapo. Wameshaoa."

"Sijawaulizia," nikasema, naye akatamka mbele ya wazee kwamba Bhoke ni mtoto wake na atarudi shule.

Anold akapiga makofi. "Ameoa, ameacha, na ng'ombe amewasamehe! Sisi wanaume wenyewe hatujafika huko!" Wazee wakacheka, mchungaji akaangalia chini. Mimi nilikaa.

Bhoke alikuwa nyuma ya nyumba anachambua mboga. Alikuwa amesikia, lakini alingoja niseme. Nikamwambia, "Funga vitu vyako. Jumatatu unarudi shule."

"Narudi kama nani?"

Nikamwambia anarudi kama mtoto wa Mzee Rubeni, mwanafunzi wa kidato cha nne, na kwangu hana deni la siku hata moja. Akauliza kama baba yake ameyasema hayo mbele ya watu. Nikasema ameyasema. Ndipo akanawa mikono akaenda kufunga.

Jumatatu tulitoka alfajiri. Pale barabara ilipokatika tulishuka tukavua viatu, bodaboda ikasukumwa na watu wanne. Tulifika Issenye saa tisa. Madam Tumsifu alikuwa mezani, na jina langu lilikuwa limeshaandikwa mbele yake. Ulisema saa nne, ukaenda saa nne. Mimi nilikuwa nimefikiri utanisubiri hadi jioni.

Afisa wa ustawi wa jamii amekuja Matongo mara mbili. Amechukua maelezo yangu na ya Mzee Rubeni. Bado hatujaambiwa yataishia wapi. Nilisema ukweli kila nilipoulizwa. Sikulaumu kwa ulichofanya. Nimeumia pia. Yote mawili yamo ndani yangu na sijui lipi litatoka kwanza.

Umoja wa wanawake wamechagua katibu mwingine. Anold amepanda mihogo hatua kumi ndani ya shamba, sikumfuata. Mchungaji anasema kuna baraza la ardhi na mjane ana haki yake hata bila mtoto wa kiume. Nitakwenda mvua zikipungua. Ningeweza kwenda mwaka juzi.

Ada yako usiifikirie. Hiyo haikuwa sehemu ya ugomvi wetu.

Nyumba imekuwa kimya tena. Nataka kujua mambo machache. Kikohozi kimeisha? Ni yeye anayelala kitanda kile cha juu? Anakula? Bado anaimba? Anasema nini juu yangu? Niandikie yote kama ulivyoniandikia ile mara ya kwanza.

Shangazi yako,
Philomena


Issenye
2 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Baba alifika hapa Jumamosi iliyopita akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Ameacha mashimo kwa muda, analima. Anakusalimu, na anasema atakusindikiza kwenye baraza la ardhi siku utakayopanga. Ameniagiza niliandike hilo ili asije akalikana. Hapa shuleni tumemaliza mtihani wa majaribio.

Nimechelewa kukujibu wiki saba. Barabara ilikuwa nzuri. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa sina ruhusa.

Kwa wiki sita na zaidi Bhoke hakuniongelesha. Tarehe 9 Mei nilimfuata akiwa anafua, nikamwambia nimemkosea mara mbili: siku aliponiomba msaada nikamfanya kichekesho mbele za watu, na siku nilipokaa nikaandika juu yake kwa mtu mwingine. Aliendelea kufua.

"Barua yako niliisoma," akasema. "Nguvu anazo, afya anayo, baba yake fulani, kaka hajaoa. Karani, ulikuwa unauza ndama?"

Nikamwambia sikujua.

"Najua hukujua. Ndiyo maana leo tunaongea. Lakini hukuniuliza. Shangazi yako hakuniuliza. Baba hakuniuliza. Watu watatu, na wote mnanipenda."

Akakamua sketi, akaitundika.

"Usiniandike tena. Kwa mtu yeyote. Hata kwenye daftari lako."

Nikasema sawa. Barua yako ya Aprili nilimsomea yote, pamoja na yale maswali matano ya mwisho. Alisikiliza. Nikamwuliza nikujibu nini. Akasema mazungumzo yetu ya siku ya kufua naweza kukueleza, ili ujue kwa nini barua zangu zitakuwa fupi. Mengine akasema, "Mwandikie ya kwako."

Kwa hiyo, Shangazi, majibu ya maswali yako yote ninayo, kwa sababu naishi naye chumba kimoja. Sitayaandika. Ukitaka kujua, mwandikie yeye mwenyewe. Bahasha iwe na jina lake, nami nitaipeleka bila kuifungua. Atajibu au hatajibu.

Haya basi ni ya kwangu. Hesabu nimepata hamsini na mbili, ambayo ni juu kuliko mwaka jana. Jino la nyuma liliniuma wiki moja, limetulia. Ukatibu wa umoja nimeuacha, wamempa mtoto wa kidato cha tatu mwenye mwandiko mbaya na moyo mzuri. Kwenye daftari langu sasa kuna kurasa nyingine zina tarehe tu.

Pampu ya shule imeharibika, tunachota maji kisimani bondeni. Jana ilikuwa zamu yangu. Kupanda kile kilima na ndoo kichwani tulipumzika mara mbili, na mara ya pili tulicheka hadi maji yakamwagika, ikabidi turudi kuchota upya. Nimeandika "tulicheka". Zaidi ya hapo sisemi.

Binti yako,
Elieth